Pinotage ya Kanonkop: mvinyo mzito unaotaka barafu na aliya

Chupa hii ilikaa majuma matatu katika kabati la jikoni kwangu hapa Kisumu kabla ya kufunguliwa, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Kabati lenyewe limepakana na jiko, na ifikapo saa kumi na mbili jioni, nyumba ikiwa imepigwa na jua mchana kutwa, ukishika chupa yoyote iliyomo unahisi uvuguvugu wake kiganjani. Shemeji yangu, ambaye nilimwalika tuuonje pamoja, alipiga funda moja, akakunja uso, akairudisha bilauri mezani taratibu kwa adabu ya mgeni na kuniuliza kama kinywaji hicho kilikuwa kimeongezwa chang'aa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepata moto wa kileo puani, kisha utamu wa jemu iliyoshika chini ya sufuria, kisha ukakasi uliobana ufizi kama ndizi mbichi. Kwa kinywaji kilichonigharimu zaidi ya shilingi 5,000, nilianza kujiona mtu aliyepunjwa.

Dakika kumi na tano baadaye, chupa ile ile ikiwa imezamishwa hadi shingoni katika karai la maji na vipande vya barafu, shemeji alisogeza bilauri yake kuomba nyongeza. Tathmini hii ninaiandika kwa sababu ya dakika hizo kumi na tano, kwa kuwa ninaamini kwamba wengi wetu tulioamua kuwa mvinyo mwekundu mzito si kinywaji chetu tuliuhukumu ukiwa katika hali ambayo aliyeutengeneza asingeutambua.

Mvinyo wenyewe ni Pinotage ya shamba la Kanonkop, mavuno ya 2020, kutoka Stellenbosch katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Shamba hilo liko kwenye miteremko ya chini ya mlima Simonsberg, na jina lake, ambalo kwa Kiafrikaans lina maana ya kilima cha mzinga, linatokana na kilima kilichokuwa kikifyatuliwa mzinga katika karne ya 17 ili wakulima wa bara wajue kwamba merikebu zimeingia ghuba ya Table, nao wafunge mikokoteni na kwenda kuuza mboga na nyama kwa mabaharia.

Zabibu ya Pinotage haikuletwa Afrika kutoka Ulaya kama zilivyoletwa nyingine nyingi, bali ni mzaliwa wa Stellenbosch kabisa. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika chuo kikuu cha mji huo, alipandanisha Pinot Noir, zabibu ya Burgundy inayosifika kwa ulaini na kulaumiwa kwa udekaji, na Cinsaut, mzabibu mvumilivu wa kusini mwa Ufaransa ambao Waafrika Kusini wa siku hizo waliuita Hermitage, na ndiyo maana jina la mtoto lina kichwa cha mzazi mmoja na mkia wa mwingine. Alipata mbegu nne tu, akazipanda katika bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi kwenye shamba la majaribio la Welgevallen, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 akahamia kazi nyingine na kuiacha bustani hiyo imezwe na magugu. Inasimuliwa kwamba siku wafyekaji walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana aliyeitwa Charlie Niehaus alikuwa akipita kwa baiskeli, akaikumbuka ile miche na kuiokoa kabla haijakatwa. Mimi mkazi wa mji uliolelewa na boda boda za baiskeli, sichoki kuisimulia sehemu hiyo. Mvinyo wa kwanza wa zabibu hiyo ulitengenezwa mwaka 1941 katika chuo cha kilimo cha Elsenburg, na wanunuzi wa kawaida walingoja hadi 1961 kuliona neno Pinotage kwenye lebo, ambayo ilikuwa ya chupa ya Lanzerac ya mavuno ya 1959.

Sifa zake hazikuja kwa urahisi. Wataalamu wa mvinyo kutoka Uingereza walioitembelea Afrika Kusini mwaka 1976 walifananisha harufu yake na misumari yenye kutu, na kwa miaka mingi baada ya hapo Pinotage ilibaki kuwa kitu cha kuombewa radhi. Lawama hizo hazikuwa za bure. Zabibu hii inapochachushwa ovyo hutoa kwa wingi kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na kemikali hiyo ikizidi, pua inapata rangi ya kucha badala ya tunda. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Pinotage ya bei nafuu katika duka moja ambalo sitalitaja, iliyokuwa imesimamishwa kwenye rafu inayotazama dirisha la magharibi, kizibo kimekauka hadi kikakatikia njiani nilipokuwa nikikivuta, na yaliyotoka humo yalinifanya nisiiguse zabibu hiyo kwa muda mrefu. Kilichonirudisha ni kusoma kwamba Beyers Truter, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa mvinyo wa Kanonkop, alitajwa mwaka 1991 katika shindano la kimataifa la London kuwa mtengenezaji bora wa mwaka, na kwamba kilichompa ushindi ni Pinotage.

Kanonkop huchachusha zabibu zake katika matangi mapana ya saruji yaliyo wazi juu, na maganda yanayopanda na kutanda usoni kama ukoko hushindiliwa chini kwa mkono, mara kwa mara, usiku na mchana. Jambo hili lina maana kubwa kwa mnywaji, kwa sababu maji ya zabibu nyekundu yenyewe karibu hayana rangi, na rangi yote, pamoja na tanini inayoleta ukakasi, hutoka kwenye maganda na mbegu. Kwa hiyo anayetaka mvinyo mzito lazima ayasumbue maganda hayo vya kutosha, lakini akipitiliza anapata kitu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Baada ya kukamuliwa, mvinyo hukomaa katika mapipa ya lita 225 ya mwaloni wa Ufaransa, mengine mapya na mengine yaliyokwisha kutumika. Mizabibu yenyewe haikutundikwa kwenye waya, bali imeachwa kama vichaka vifupi vinavyojitegemea, na mingi ni mizee inayozaa kidogo.

Sasa niseme nilichokipata kwenye bilauri, baada ya barafu. Rangi yake ni zambarau inayoelekea weusi, na ukiinamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe, pembeni kabisa unaonekana mstari mwembamba wa wekundu. Harufu ya kwanza ni ya zile zambarau ambazo watu wa hapa huziita jamna, zile zinazoanguka na kuchafua barabara chini ya miti ya zamani ya mji huu na kuacha ulimi wa mtoto umekuwa wa buluu. Nyuma yake kuna forosadi iliyoiva sana, kisha moshi mwembamba, si wa kuungua bali wa kuni zilizozimika jana, na mwisho kabisa kitu cha majani makavu kilichonikumbusha vichaka vya leleshwa unavyovipita ukitoka Naivasha kwenda Nakuru wakati wa kiangazi. Ndizi niliitafuta nisiipate.

Mdomoni mvinyo huu hauna sukari ya kuhisika, jambo linalowashangaza wale waliozoea mvinyo mtamu wa harusi. Unaanza na tunda, unafuatia uchachu unaoyafanya mate yatiririke kando za ulimi, na ndipo tanini inapokuja, imara lakini yenye vumbi laini, kama kulamba ganda la ndani la karanga. Ladha inabaki muda mrefu baada ya kumeza. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika thelathini kabla moshi haujatoweka. Nikitafuta la kulalamikia, ni kwamba mwaloni bado unasikika kidogo, mfano wa mbao mpya kwenye fenicha ya fundi, na ninadhani miaka mitatu au minne zaidi mahali pa giza na pa baridi ingeufaa. Tatizo ni kwamba mahali pa giza na pa baridi katika nyumba ya Kisumu ni jambo la kutafuta kwa tochi.

Ninapouita mvinyo huu wenye nguvu, naomba nisieleweke kwa kipimo cha baa, ambako nguvu ya kinywaji husomwa kwenye asilimia peke yake. Kileo chake ni asilimia 14 hivi, na hilo lisidharauliwe: bilauri ya mililita 150 ina kileo kingi sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4.2, na chupa nzima inatoa bilauri tano za namna hiyo, kwa hiyo watu wawili wanaoimaliza wasitazamie kuendesha gari. Lakini nguvu ninayoizungumzia ni ule uzito wa ladha, yaani tanini, uchachu na tunda kwa pamoja, ambao hauwezi kufunikwa na chakula kikali na kwa upande wake unaweza kukiua chakula kipole.

Hapo ndipo joto linapoingia. Ushauri wa kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumbani ulitoka Ulaya, katika nyumba za mawe ambamo chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba changu saa moja usiku kina nyuzi 27. Katika joto hilo kileo huvukiza haraka na kuichoma pua kabla tunda halijafika, uchachu unazama, na kinachobaki ni utamu wa jemu na ukakasi, yaani kile kile alichokikataa shemeji. Karai la maji na barafu kwa dakika kumi hadi kumi na tano linatosha, na maji lazima yawemo, kwa sababu vipande vya barafu pekee havikumbati chupa. Friji nayo inafaa, ila ni ya polepole. Itahitaji saa nzima au zaidi. Usiupitishe kiasi, kwani tanini ikipata baridi nyingi inakuwa ngumu na chungu. Barafu ndani ya bilauri, ambayo nimeiona ikitolewa kwa nia njema katika mikahawa kadhaa ya ziwani, inazimua mvinyo tu.

Chakula cha kwanza tulichokijaribu kilikuwa mbavu za mbuzi zilizochomwa, ugali na kachumbari. Mbavu zenye mafuta ziliupokea mvinyo vizuri, na sababu yake ni ya kimwili kabisa: tanini hushikana na protini, na isipopata protini ya nyama hushikana na ile ya mate, ndipo mdomo unapokauka. Ukitafuna kipande cha ubavu chenye mafuta na chumvi, kisha ukanywa, ule ukakasi unalegea na tunda linajitokeza. Ugali hauna ugomvi na mtu. Aliyeharibu mambo ni kachumbari, kwa sababu ndimu ilikuwa kali kuliko uchachu wa mvinyo na kuufanya uonekane bapa, na pilipili ilikiamsha kileo upya hadi koo likawaka. Tulipotengeneza nyingine yenye nyanya nyingi, vitunguu vilivyooshwa kwa maji ya chumvi, ndimu ya kunyunyizia tu na bila pilipili, amani ilirudi mezani.

Osuga, ile mboga chungu ya mnavu, au managu kwa wasomaji wa Nakuru, inahitaji uangalifu. Ikipikwa haraka haraka, uchungu wake unaungana na ukakasi wa mvinyo na vyote viwili vinazidi kuwa vibaya. Ikiwa imechemshwa na kumwagwa maji, kisha ikalazwa na maziwa hadi kesho yake kama wanavyofanya wapishi wenye subira, maziwa yanaondoa makali hayo na mboga inakaa vizuri kando ya nyama. Kuku wa kienyeji wa mchuzi, ile ingokho ambayo majirani zetu wa Kakamega hawataki utani nayo, ni mlo mkubwa, lakini mvinyo huu unaufunika mchuzi wake, na mchuzi huo ndio roho ya mlo. Matumbo yaliyokaangwa makavu yalifaa kuliko nilivyotarajia.

Samaki ni hapana. Ninajua kwamba huu ni mji wa samaki na kwamba mgeni akija Kisumu hupelekwa Dunga akale ngege mzima kwa vidole, lakini nilijaribu Pinotage hii na minofu ya mbuta, na ladha iliyobaki ilikuwa kama ya mtu aliyenyonya sarafu. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba chanzo cha ladha hiyo ni madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mvinyo, ambayo yakikutana na mafuta ya viumbe vya majini huzalisha mara moja ile harufu nzito ya shombo. Omena sikuthubutu. Kwa samaki chukua mvinyo mweupe uliopoa, au bia, na umwachie mbuzi chupa hii.

Lakini mlo ulioufanya mvinyo huu useme ulikuwa aliya. Shangazi yangu wa Bondo huikata nyama ya ng'ombe vipande virefu, huisugua chumvi, huianika juani, kisha huitundika juu ya jiko la kuni hadi igeuke kuwa nyeusi na ngumu kama ukanda. Alituletea kilo moja imefungwa katika gazeti, na harufu ya moshi ilikuwa imeenea kwenye matatu nzima, kwa mujibu wake, hadi kondakta akauliza kuna nini mfukoni. Tuliiloweka, tukaichemsha kwa muda mrefu, tukaikaanga kwa vitunguu na nyanya, na mwisho tukamimina malai ya maziwa na kuacha yachemke hadi yakashikana na nyama. Nilikuwa nimeipoza chupa ya pili mapema safari hii. Moshi wa nyama uliuita moshi wa mvinyo, chumvi ikalainisha tanini, malai yakafunika ukakasi uliobaki, na ile ladha ya jamna, ambayo kwa mbuzi ilikuwa imejificha nyuma, ikaja mbele kabisa, tamu bila sukari. Shangazi, ambaye kwa kawaida hanywi, alilowesha midomo tu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kina harufu ya dari ya jikoni kwa mamake. Sijaisoma sifa bora kuliko hiyo katika lebo yoyote.

Watu wameniuliza kama Pinotage hutiwa kahawa. Swali hili linatokana na aina nyingine ya Pinotage, iliyoanzia kwenye shamba la Diemersfontein mwaka 2001, ambayo harufu yake ya kahawa na chokoleti hutokana na mwaloni uliochomwa sana ndani, wala si kahawa iliyoongezwa. Ni kinywaji cha kupendeza kwa anayeanza, ila ukishazoea hii ya Kanonkop, ile unaiona kama mtu aliyejipulizia manukato mengi.

Bei ndiyo inayouma. Kwa fedha nilizolipa ningeweza kupata chupa tatu au nne za mvinyo wa kawaida wa Afrika Kusini, na sitamdanganya msomaji kwamba chupa hii ni bora mara nne. Kwa jioni ya kawaida ningemwelekeza kwenye Kadette, ambayo ni mvinyo wa bei nafuu wa shamba hilo hilo, wenye tunda lile lile na mifupa midogo zaidi. Wapo pia wanaoifuata ile yenye lebo nyeusi, inayotoka kwenye kipande cha shamba kilichopandwa mwaka 1953, lakini bei yake ni ya kununulia mbuzi kadhaa, na mimi kati ya mbuzi na chupa nimeshafanya uamuzi. Popote utakaponunua, chagua chupa iliyolazwa, iliyo mbali na dirisha, na uiguse kwanza; ikiwa na joto kama mkono wako, iache hapo hapo.

Kilichobaki katika chupa ya kwanza, kama robo hivi, nilikiziba na kukiweka kwenye mlango wa friji, nikakisahau hadi kesho yake jioni. Mwaloni ulikuwa umetulia, forosadi imepanda, na vipande viwili vya ubavu baridi nilivyovila nikiwa nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, vilikuwa pengine ulinganifu wa pili kwa ubora baada ya aliya. Chupa ya tatu iko chini ya kitanda, imelazwa katika boksi lililozungushiwa blanketi, ikingoja Desemba na gazeti jingine kutoka Bondo.